Mpishi wa Kikombe cha Buluu

Zuhura hapendi kupiga simu. Akiwa na neno hutuma ujumbe mfupi, tena bila salamu, kwa hiyo simu yake ilipolia Jumanne moja asubuhi nilijua kuna msiba kabla sijaipokea. "Mama Mghoi ametutoka," akasema. "Anazikwa Jumamosi, kwao Makwasinyi."  Nilisikia cherehani za wafanyakazi wake zikilia nyuma yake, maana Zuhura hakuwa wakili wala askari kama tulivyodhani tukiwa wasichana. Anashona sare za shule mjini Voi, katika duka aliloachiwa na mamake. "Utakuja?" akaniuliza. Nikamwambia nitakuja. "Na utasema?"  Tumejuana tangu tukiwa na miaka kumi na saba na bado ana maswali ya kunitoa jasho.

Watu wanaonijua wananijua kwa sababu ya Inspekta Saru, yule mwanamke wa kwenye televisheni anayetumwa kila panaposemekana pana jini, mzimu au laana. Hana bunduki. Viatu vyake vimejaa vumbi, na akifika nyumba ya watu kwanza huvuta kiti akakaa, akauliza nani alikula nini na nani alipika. Kabla ya kumkabili mtu yeyote huenda pembeni akatapika kwa hofu, akasukutua mdomo, akafunga kitambaa chake upya, akaingia. Tulipoonyesha hilo mara ya kwanza watazamaji walilalamika, na mkuu wa kipindi akanisihi niliondoe, eti shujaa hatapiki. Nikamjibu kwamba huyu anatapika, na kama hatapiki mimi siandiki. Nikihojiwa huulizwa nimemtoa wapi mwanamke wa aina hii, nami husema nimembuni. Ni uongo, na nimeusema mara nyingi mpaka ukawa mtamu mdomoni. Saru nilimpata mwaka mmoja, katika sebule moja mjini Voi, na aliyelipia gharama yake si mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tatu. Mwaka ule nilikaa kwa Bi Rukia, mamake Zuhura, mtaa wa Sofia. Mambo yaliyonipeleka huko ni ya kwetu nyumbani, na niyaache huko huko. Ninachokumbuka zaidi ni ile sebule: cherehani ya kukanyaga kwa mguu karibu na dirisha, mkeka, viti viwili vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, na vumbi jekundu la Voi juu ya kila kitu hata ungefuta mara ngapi. Pembeni ilikaa televisheni ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti ya mtu wa heshima. Juu ya meza kulikuwa na kikombe cha bati cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni, ambacho Bi Rukia alinywea maji siku nzima akishona. Hakuna mwingine aliyekinywea. Jumapili alasiri, kama stima haikupotea, kitambaa kiliondolewa, mbaazi zikaletwa na mahamri yaliyobaki asubuhi, tukakaa kumtazama mwanamke wa kizungu mwenye koti refu akiwinda mizimu.

Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na Zuhura alimfasiria mamake. Mimi nilikuwa nimemezwa kabisa. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke akiingia mbele ya wanaume kwenye nyumba yenye giza, wao wakimfuata. Lakini Bi Rukia alikuwa na kesi naye kila wiki. "Mwambieni avue hivyo viatu," angesema bila kuinua macho kwenye nguo. "Mzimu ushamsikia tangu yuko Mwatate." Au: "Huyu tangu aanze kukimbia hajala. Kwani hana kwao?" Zuhura alimjibu, "Mama, huyu ni mpelelezi." Na Bi Rukia akakata uzi kwa meno, akasema, "Mpelelezi hana tumbo? Na mbona haulizi watu? Aangalia ukuta, aangalia dari, ashajua. Wallahi mimi singemfungulia mlango."

Tulicheka mpaka mbaazi zikatupalia, lakini maneno yale yalimkaa Zuhura. Jioni moja akanunua daftari lenye jalada gumu, akaniambia nina mwandiko mzuri na ulimi mrefu, kwa hiyo niandike, naye atasimamia. Mpelelezi wetu tulimwita Saru, jina la kwetu la Kidawida, tukampa ofisi Wundanyi na ubaridi wa kule mlimani. Zuhura alimwekea masharti. Asisifiwe uzuri wake, maana wanaume wa vitabuni hawasifiwi wao. Aogope, kwa sababu asiyeogopa hana alichoshinda. Mwanamume asije kumwokoa mwisho. Nikakubali yote nikiandika haraka. Halafu akafikiri kidogo, akaongeza, "Na akikosea aseme. Mbele ya watu wale wale aliowakosea, sio kando kando." Nikaandika na hilo, nikalipigia mstari chini. Kuandika ni rahisi.

Daftari likaanza kutembea darasani, kisha mabwenini. Mimi na Zuhura tulikuwa wa kutwa, lakini wasichana wa bweni walilisoma chini ya madawati, wakalificha ndani ya mito, wakapokezana mpaka jalada likalegea. Asubuhi nilingojwa langoni. "Aki Wakesho, si uniambie tu, yule mzimu ni mjomba wake?" Wasichana ambao hawakuwahi kujua jina langu walinipa kiti. Sifa zile zilinilevya, sitasema vinginevyo. Kila sura ilisomwa kwanza na Zuhura, naye alikuwa mkali: akinikatia ukurasa mzima nilinuna siku mbili. Kisha muhula wa pili Zuhura akashikwa na malaria, akalala zaidi ya wiki, na wasichana walikuwa wananidai sura mpya. Sikuwa na chochote kichwani.

Wiki ile ilikuwa zamu yangu kuchukua chai ya walimu jikoni kabla ya gwaride. Mpishi wetu aliitwa Mama Mghoi, mwanamke mrefu, mkimya, aliyeishi peke yake katika chumba kilichoshikana na jikoni na kwenda kwao Makwasinyi shule ikifungwa. Jana yake msichana wa kidato cha pili, Chao, alikuwa amemwaga githeri yake ya mahindi na maharagwe chini mbele ya foleni nzima, akasema hata mbwa wa kwao hawali takataka ile.  Mama Mghoi alichukua ufagio akafagia. Sasa asubuhi nilipofika mlangoni nilimwona amesimama nyuma ya jiko, amegeukia milima, ana kata ya kibuyu mkononi. Akatia maji mdomoni, akayapuliza nje kwa nguvu, matone yakatawanyika hewani, akanong'ona maneno ya Kidawida ambayo sikuyashika yote. Akafanya hivyo tena na tena. Mimi ni Mdawida, lakini nililelewa mjini, kwenye nyumba ambamo mambo ya wazee yaliitwa ya shetani na hayakuelezwa. Nilichukua birika langu nikaondoka bila hata kumwamkia. Na niseme kweli, haukuwa woga peke yake ulionikimbiza. Nilikuwa nimepata sura yangu.

Niliiandika siku hiyo hiyo, alasiri, kwenye meza ya Bi Rukia. Niliiita "Mpishi wa Kikombe cha Buluu". Ndani yake mpishi wa shule fulani hufuga jini ndani ya sufuria, na kila alfajiri hulinywesha: hushika kikombe cha buluu kwa mkono wa kushoto, hunywa funda, hutema kwenye uji, na msichana atakayekunywa kwanza huanguka. Kata niliiona haitishi. Kikombe kilikuwa mbele yangu pale mezani, nikakitia. Mkono wa kushoto niliuongeza kwa sababu ulipendeza. Kesho yake sura ikaenda mabwenini bila Zuhura kuiona.

Chao alianguka siku ya tatu, kwenye foleni ya uji. Alipiga kelele, akakakamaa, akasema anamwona. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa saba, wengine wakianguka kwa sababu tu wamemshika mwenzao aliyeanguka. Mitihani ilikuwa imekaribia, wasichana hawakuwa wanalala, na tangu Chao aanguke wengi walikuwa hawagusi chakula. Leo naweza kueleza hayo kwa utulivu. Siku ile nilisimama kando ya bweni nikiwasikia wakilia, nikasikia mmoja akisema, "Ni Mama Mghoi, nimemwona na kikombe." Nilichukua mkoba wangu nikaenda nyumbani. Nilijiambia labda kweli ni mchawi. Nilijiambia labda mimi niliona tu mapema kuliko wengine.

Mama Mghoi alizuiwa kuingia jikoni. Akawa anakaa kwenye kizingiti cha chumba chake, mikono mapajani, wasichana wakipita mbali naye. Wazazi walianza kuja. Ikatangazwa kwamba Ijumaa kutakuwa na mkutano, na mhubiri mmoja ataletwa, na mpishi atatakiwa aseme alichokifanya. Kila mtu alijua maana yake. Mwanamke akishaitwa mchawi hadharani, jina humtangulia kwao kabla yeye hajafika, na Makwasinyi ni kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake. Zipo nyumba zilizochomwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Bi Rukia naye alikuwa ameacha kufungua dirisha la mbele. Nilimsikia akimwambia jirani ukumbini, sauti chini, "Leo ni mpishi, kesho ni mimi. Majini wakitafutwa mji huu, huanza kutafutwa kwenye nyumba za watu wa pwani kama sisi."

Zuhura aliinuka kitandani Jumatano, miguu bado haina nguvu, akaenda shuleni. Hakuangalia ukuta wala dari. Aliwaendea wale wasichana mmoja mmoja, akakaa nao kitandani, akawauliza. Jioni alirudi nyumbani amebadilika rangi. Alikuwa na daftari letu chini ya kanga. Akaliweka mezani, akasogeza kikombe cha mamake kando yake, vikakaa pamoja. "Wote saba wamesema buluu," akaniambia. "Wote wamesema mkono wa kushoto. Nimekwenda jikoni, Wakesho. Hakuna kikombe cha buluu. Na Mama Mghoi anashika kila kitu kwa mkono wa kulia." Nilianza kulia. Aliniacha nilie, hakunigusa. Nilipomaliza akaniuliza, "Ijumaa utasema wewe au nitasema mimi?" Nikamwambia nitasema. Kwa Mungu, nilidhani nitasema.

Mkutano ulifanyika katika bwalo la chakula, saa nane mchana, joto la Voi limekaa juu ya mabati. Kabla ya kuingia nilimwona Zuhura nyuma ya tangi la maji, ameinama, anatapika. Nikadhani ni malaria. Akasukutua mdomo kwenye bomba, akafunga mtandio wake upya, akapita mbele yangu akaingia. Wazazi walijaa kwenye mabenchi, walimu mbele, mhubiri pembeni na koti lake jeusi. Mama Mghoi alikaa karibu na mlango peke yake, na benchi zima lilikuwa tupu upande wake. Mwalimu mkuu alipouliza kama kuna mwanafunzi mwenye neno, nilikuwa na neno. Miguu ndiyo haikuwa na habari nami. Zuhura alingoja. Akaningoja tena. Kisha akainuka yeye.

Sauti yake ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho, wala hakuificha. Aliomba wale saba waulizwe tena mbele ya watu rangi ya kikombe, na wakasema buluu. Akaomba waulizwe mkono, wakasema kushoto. Akaomba vyombo vya jikoni viletwe, vikaletwa vyote juu ya meza: sufuria, miiko, vikombe vya plastiki vyekundu, na kata moja ya kibuyu. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa kikombe cha buluu kilichobanduka ukingoni, akakiinua. "Kikombe ni hiki," akasema. "Kinatoka nyumbani kwetu. Mamangu anakinywea maji." Bwalo likavuma. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si mnaona? Kumbe ni kwao!" na wengine wakaanza kusimama. Zuhura hakukishusha. "Kimetoka mezani kwetu kikaingia kwenye daftari la hadithi," akasema, "na hawa wenzangu wamelisoma. Wameona kilichoandikwa. Aliyeandika yuko humu, na atasema mwenyewe." Hakuniangalia. Angeniangalia tu watu wote wangejua, na hakutaka wajue kwa macho yake.

Nilikaa. Nimeandika maisha yangu yote kuhusu wanawake wanaosimama, na mimi nilikaa, rafiki yangu akiwa peke yake mbele ya watu wenye hasira, ameshika kikombe cha mamake.  Aliyesema kwanza ni Mama Mghoi. Alisimama polepole pale mlangoni, akasema, "Huyo mtoto mwenye aliandika, msimvute. Anaogopa. Mimi sina hasira na yeye, ilishatoka." Hapo ndipo miguu yangu ilipokubali. Nilisimama nikasema ni mimi, mpishi nilimtunga, jini nililitunga, kikombe nilikitoa mezani. Nililia sana na watu wakanihurumia, na mwalimu mkuu baadaye akausifu ujasiri wangu ijapokuwa alinifukuza wiki mbili na kulichoma daftari. Lakini mimi nilijua. Nilisimama baada ya kusamehewa, na hilo halihitaji ujasiri wowote.

Jioni hiyo nilikwenda chumbani kwake kumwomba radhi. Kilikuwa chumba kidogo, safi, chenye kitanda, sanduku la bati, na picha ya binti yake Mghoi akiwa na sare ya shule ya msingi. Alinipa kiti. "Wewe ni Mdawida na hujui kutasa?" akaniuliza, wala hakuwa ananicheka. "Yule mtoto alinitukana, nikashikwa na hasira. Sasa hasira ya mtu mkubwa ikikaa kwa moyo inadhuru mtoto, hata kama hutaki. Ndio nikachukua maji nikayapuliza, nikaitoa, nikamwombea akae vizuri, ndio nimpe uji na moyo safi."  Kile nilichokifanya uchawi kilikuwa baraka, na aliyebarikiwa alikuwa Chao. Mama Mghoi akanimiminia chai. "Siku ile nilikuona mlangoni," akasema. "Kama ulitaka kujua, si ungeuliza?"

Walimrudishia kazi, akapika mpaka muhula ukaisha, kisha akafunga sanduku lake na hakurudi tena. Alisema wasichana wengine bado walikuwa wananusa uji kabla ya kuunywa. Sikuwahi kwenda Makwasinyi kumwona. Nilikuwa na sababu kila mwaka, na kila mwaka sababu zilikuwa nzuri zaidi. Badala yake nilimwandika Saru, nikampa matapishi ya Zuhura, tumbo la Bi Rukia na swali la Mama Mghoi, nikapokea sifa zao wote watatu.

Jumamosi ile ya mazishi tulifika Makwasinyi kabla ya saa nne. Mlima Kasigau ulikuwa umevaa wingu kichwani, na turubai zilikuwa zimefungwa uani, wanawake wakiponda kimanga cha muhogo na maharagwe kwenye sufuria kubwa. Mchungaji alipomaliza, mwendesha shughuli akaanza kusoma majina ya watakaosema: ndugu, kanisa, jirani. Jina langu halikuwepo. Zuhura alikuwa kando yangu. Nikasimama kabla orodha haijaisha, nikaomba ruhusa. Nilieleza yote, daftari, kata, kikombe, na benchi nililokalia. Nilisema mama yao aliitwa mchawi kwa sababu yangu, na kama neno hilo liliwahi kufika hapa kijijini, basi lilitoka kwenye kalamu yangu na leo nalichukua. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyenizomea. Mzee mmoja aliinamisha kichwa, kisha shughuli ikaendelea.

Baada ya kuzika, mwanamke wa makamo akanifuata kwenye kivuli cha nyumba. Alikuwa na urefu wa mamake. Nilianza kumwomba radhi, akanizuia kwa mkono. "Lilifika," akasema. "Tulikaa nalo miaka kama miwili, watu hawakunywa maji kwetu. Halafu likaisha." Nikasema pole, na neno lilikuwa dogo sana. Mghoi akaangalia kaburi. "Lakini Mama alikuwa anakufuata kwa TV. Macho yalikuwa yameisha, alikuwa anasikiza tu. Ikifika pale Inspekta anavuta kiti, anauliza watu, Mama anatuambia tunyamaze. Anasema, 'Mwasikia? Huyu sasa anauliza.'"

 Zuhura akanishika kiwiko, tukaenda kunawa mikono tule.